Baharia na Kanda ya Pili

Ukipeleka kochi lako kwa Fundi kuvikwa kitambaa kipya, jua kwamba kabla hujalikalia wewe litakaliwa kwanza na mabingwa wa sinema. Hilo halimo katika mapatano, wala Fundi hakuambii mapema, maana akikuambia utaondoka na kochi lako. Lakini ndivyo mambo yanavyokwenda katika karakana ile kila Jumamosi alasiri. Makochi yaliyokamilika hupangwa mbele, watu wazima wenye wajukuu wanajibwaga juu yake, na wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawasimama: nani steringi, yaani shujaa wa picha, namba moja na nani adui namba moja katika picha zote walizowahi kuziona.

Karakana yenyewe ni sebule ya nyumba ambayo Fundi na kaka yake waliachiwa na mama yao. Fundi alibomoa ukuta wa mbele akaweka milango mipana, akajaza chumba sponji, mbao, springi na vitambaa. Hufanya kazi akiwa na misumari midogo mdomoni. Anaisogeza mmoja mmoja kwa ulimi, anaipokea kwa nyundo yake yenye sumaku, anagonga. Kwa hiyo hoja zake hutoka kwenye pembe ya mdomo, nusunusu, na wenzake wamezoea kuzimalizia. Akiitema misumari kiganjani watu hunyamaza, kwa sababu wanajua sasa ana jambo kubwa la kusema, na mara nyingi jambo lenyewe huwa ni Baharia, steringi wake.

Baraza lile lina sheria zake. Anayeongoza kwa hoja hukaa kwenye kochi zuri kuliko yote siku hiyo. Anayeshindwa huhamia kwenye ndoo ya gundi iliyofunikwa, na huko hukaa kimya mpaka apate la kumtoa. Kinyozi wa mlango wa pili ameikalia ndoo ile mara nyingi, lakini hajawahi kukubali kwamba alistahili. Naye Mama Vitambaa, mwenye duka la kona, alijiunga kwa bahati. Alikuja kuchukua kochi lake akamkuta Kinyozi amelikalia, anaapa kwa jina la marehemu babu yake kwamba hakuna steringi mbele ya Mzee wa Koti. Mama Vitambaa alikuwa amekuja na hasira zake zote, akazisahau, akaketi pembeni yake na kumwambia hajui kitu. Kochi lilikaa karakanani wiki nzima zaidi.

"Steringi ni ngumi," Kinyozi alikuwa akisema. "Mtu hapigi, hapigwi, huyo si steringi, huyo ni karani. Mzee wa Koti alipigana mvuani na koti hakulivua. Nionyeshe mwingine."

"Steringi anapimwa kwa adui yake," Mama Vitambaa alimjibu. "Na adui namba moja ni Mwenye Nyumba. Yule mama hakuwahi hata kupaza sauti. Alibadilisha kufuli tu."

"Daktari Kicheko aliua kijiji kizima."

"Daktari Kicheko alikuwa hawajui wale watu. Mwenye Nyumba alikuwa anakunywa chai na yule binti kila asubuhi. Wewe Kinyozi hujawahi kupangisha, huwezi kuelewa."

Fundi mwenyewe mambo ya maadui hayakumpa taabu. Aliona yamekaa wazi. "Adui haulizwi," alisema kwa pembe ya mdomo. "Akiingia tu, muziki unabadilika." Na hapo aligonga msumari wake kwa amani ya mtu aliyemaliza hesabu.

Majina hayo ya Baharia, Mzee wa Koti, Mwenye Nyumba na Daktari Kicheko hutayakuta kwenye jalada la picha yoyote duniani. Yalitolewa na mtu mmoja, kaka mkubwa wa Fundi, ambaye mtaa wote unamwita Tafsiri. Zamani, enzi za kanda za video, palikuwa na ghala la nafaka lililogeuzwa ukumbi. Mbele waliweka televisheni juu ya kreti, na kando ya televisheni alisimama Tafsiri na kipaza sauti. Picha zilikuwa za lugha ya watu wa mbali. Ukumbi mzima hakuna aliyeijua isipokuwa yeye, kwa kuwa tangu ujana alikuwa akifanya kazi dukani kwa wafanyabiashara wa lugha hiyo. Alifanya sauti zote. Alikuwa bibi, alikuwa polisi, alikuwa mtoto anayelia, na kilio chake kilikuwa bora kuliko cha mtoto mwenyewe. Majina ya kigeni yaliyowavunja watu meno aliyatupa, akawabatiza wahusika kwa nguo zao na tabia zao.

Picha ndefu zilikuja katika kanda mbili. Kanda ya pili mara nyingi haikufika, kwa sababu aliyeiazima alikuwa ameiazimisha kwingine. Siku hizo hakuna aliyerudishiwa kiingilio. Tafsiri alizima televisheni, akakohoa, akawasimulia mwisho kwa mdomo, kwa kuwa aliwahi kuiona picha kwa mabosi wake. Wapo walioapa kwamba mwisho wa Tafsiri ulikuwa mtamu kuliko wa kwenye kanda. Nao hawakuwa na namna ya kujua.

Picha ya Baharia ilikuwa ya kanda mbili, na ya pili haikufika.

Kama walivyoisikia ukumbini, ilikuwa hivi. Kijana maskini anapata kazi melini, kazi ya kumtoa yeye na ukoo wake. Siku ya safari mama yake anaanguka kwa maradhi. Nyumbani hakuna mtu ila jirani mwema anayepitapita. Mama kitandani anamshika mwanawe shati, anamwambia, usiniache mwanangu, ukienda nitakufa nikikutazamia mlangoni. Kijana analia. Jirani mwema naye analia. Kijana anakimbia bandarini na begi lake, na hapo kanda ya kwanza inakwisha. Tafsiri akawasimulia yaliyobaki: kijana alitupa begi majini mbele ya nahodha, akarudi kwa mama yake, akamtunza mpaka mwisho, na hakuiona bahari tena. Ndiyo maana, alisema Tafsiri kwa sauti iliyokatika, dunia ikamwita Baharia kuliko wote waliowahi kusafiri. Ukumbi uliangua kilio. Wanaume walisingizia moshi wa sigara.

Fundi alikuwa kwenye benchi la mbele, kijana, na alilia kuliko wote.

Mtu asidhani alilia bure. Wakati ule alikuwa amepata nafasi katika chuo cha mitambo, mji wa mbali kwa treni. Mikono yake ilikuwa haiwezi kupita karibu na mashine bila kuifungua. Mama yao alikuwa amejivuna mtaa mzima kwa habari ile. Kisha kiharusi kikampiga, upande mmoja ukalala na ulimi ukawa mzito. Maneno yalimtoka mengi, lakini yalitoka yamekunjamana, na hakuna aliyeweza kuyakunjua isipokuwa Tafsiri. Yeye alikaa naye, akatega sikio, akawaambia majirani: anataka maji, anauliza kama kuku wamefungiwa, anasema asanteni. Watu walishangaa. Walisema hicho nacho ni kipaji.

Tafsiri alikuwa ndiye mkubwa, hana mke, hana mtoto. Lakini mabosi wake nao walikuwa wanahamia nchi nyingine, na walitaka kumchukua awe mkalimani wao. Wote wawili wasingeweza kuondoka, hilo lilikuwa wazi bila kusemwa. Asubuhi moja Fundi alipiga magoti kando ya kitanda na kumwuliza mama yake afanye nini. Mama alisema kwa muda mrefu, macho yake yamemng'ang'ania, mkono mzima unapiga godoro. Fundi alimgeukia kaka yake.

"Anasema ubaki," Tafsiri alimwambia. "Anasema mkono wako ndio anaouzoea. Wangu anasema ni mzito."

Fundi aliitikia kwa kichwa, lakini moyo ulikuwa haujakubali. Alitembea nao siku kadhaa kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenziwe. Jumapili ndipo ikaonyeshwa picha ya Baharia, na alipotoka ukumbini alikuwa amekata shauri. Nafasi ya chuo akaiacha. Kaka akaondoka na mabosi. Yeye akajifunza kushona makochi kwa mzee wa mtaa wa nyuma, kwa kuwa kazi ile ingeweza kufanyika sebuleni, sikio likiwa chumbani kwa mgonjwa.

Mama aliishi miaka mingi katika hali ile. Fundi alimlisha, alimgeuza, alimkanda miguu. Jambo moja tu lilimsumbua, na hakumwambia mtu. Katika miaka ya mwanzo mama alipokuwa akimwona anaingia na sahani aligeuza uso ukutani. Hakuwafanyia hivyo wageni. Machozi yalimtoka, akasema maneno yake yaliyokunjamana, na hapakuwa tena na wa kuyakunjua. Fundi alijiambia ni ugonjwa. Baadaye mama aliacha kusema, akawa anapokea kijiko kimyakimya. Siku alipokata roho Fundi alikuwa amemshika mkono.

Hapo katikati alioa, akazaa binti mmoja, akafiwa na mke. Maisha yake hayakuwa ya kusikitisha, msinielewe vibaya. Alipokuwa na huzuni alikuwa na mahali pa kuiegemeza. Wengine husema nilifanya vile kwa sababu ya dini, au kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Fundi alisema: nilifanya alivyofanya Baharia. Na alipotema misumari kiganjani Jumamosi, hoja yake ilikuwa ileile kila mara.

"Hawa wengine wote walipewa nguvu. Mmoja kapewa ngumi, mmoja kapewa bunduki. Baharia alipewa nafasi ya kuondoka, akaiacha. Nani mwingine aliacha kitu? Mtajeni."

Kinyozi akahamia kwenye ndoo akinung'unika. Hata orodha ya wasaidizi wa steringi walikuwa nayo, na jirani mwema wa Baharia hakuwahi kutoka humo.

Tafsiri alirudi uzeeni, mabosi wake wamekufa, macho yanaanza kuingia ukungu, mali aliyorudi nayo ni masanduku ya nguo za baridi. Fundi alimpokea kwa mikono miwili. Alimpa chumba cha mama, akamtengenezea kiti chenye springi nzuri kuliko zote alizowahi kufunga, akawa anamsomea maandishi ya kwenye vichupa vya dawa. Binti wa Fundi, mwuguzi katika mji wa mbali, alikuwa akimsihi kila likizo: baba, njoo ukae na mimi, nyumba yangu ina nafasi. Naye jibu lake lilikuwa moja. "Nimwache Kaka na nani?" Kwenye baraza la Jumamosi Tafsiri hakuwahi kuijua ndoo. Alikaa kwenye kochi zuri daima, na ubishi ukikwama waligeuka kwake, akafunga macho, akawarudishia kipande kizima cha picha kwa sauti zote. Kesi ikaisha hapo.

Basi binti alikuja likizo akiwa na zawadi. Alikuwa amekua akisikia habari za Baharia kama watoto wengine wanavyosikia habari za babu zao, na alikuwa ametafuta picha ile kwenye mtandao mpaka akaipata. Ilikuwa nzima, kanda zote mbili, na chini kulikuwa na maandishi ya Kiswahili. Alisubiri Jumamosi, baraza limejaa, ndipo akatangaza. Kinyozi alikimbia kwenda kuileta televisheni ya kinyozini kwake, na mteja akabaki amenyolewa nusu kichwa.

Tafsiri peke yake hakufurahi.

"Picha za zamani muziache zilale," alisema. "Mkiziamsha mtaona zimezeeka. Mtaharibu utamu."

"Baba mkubwa, umeogopa wataona umetia chumvi?" binti alimtania.

"Macho yananiuma, mwanangu. Mimi naenda kujinyoosha." Akainuka, akapapasa ukuta, akaingia chumbani kwa mama na kurudishia mlango. Fundi alimtazama akienda na kumwonea huruma. Alidhani kaka yake amemkumbuka marehemu.

Picha ikaanza. Mama Vitambaa aliteuliwa kusoma maandishi kwa sauti, kwa kuwa Kinyozi hakuwa na miwani na Fundi alikuwa na kazi mkononi. Mwanzoni walishangilia kila sura waliyoitambua. Kijana yule pale. Kazi ya meli ile pale. Mama akaanguka, akalazwa, kijana akapiga magoti kando ya kitanda, na mama akaanza kusema. Mama Vitambaa akasoma.

"'Nenda, mwanangu. Nikikuona hapa kesho asubuhi nitajua nimezaa mtoto asiyenisikia.'"

Watu wakatazamana.

"Soma vizuri, mama," Kinyozi alisema.

"Nimesoma vizuri. Njoo usome wewe. 'Ukibaki kwa ajili yangu utanifanya niwe mzigo, na mimi mzigo sikuwahi kuwa.' Haya, sasa anamgeukia jirani mwema. 'Na wewe ni mkubwa wake. Zamu yako ni hii. Utabaki na mimi, mdogo wako aende.'" Mama Vitambaa aliishusha miwani yake. "Jamani. Jirani si jirani. Ni kaka yake."

Karakana ililipuka kwa kicheko. Kinyozi aliteleza kutoka kwenye kochi mpaka sakafuni. Miaka yote hiyo wamepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, wamempa cheo mtu kwa kukaa nyumbani naye alipanda meli mchana kweupe. Maana alipanda. Kanda ya pili yote ilikuwa bahari na miji na mitambo, Baharia akifungua injini kwa mikono yenye grisi, akicheka. Mwishoni alirudi na mvi kichwani, akamkuta mama yake hai, amekaa mlangoni, kaka mtu amemfunika shali. Haikuwa picha ya huzuni hata kidogo. "Tafsiri, toka huko," Kinyozi alipiga kelele kuelekea chumbani, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Adui namba moja ni wewe, mzee. Umetupiga changa la macho ukumbi mzima."

Hakuna aliyemtazama Fundi. Alikuwa ameinama juu ya mkono wa kochi, nyundo imesimama hewani, misumari mdomoni. Kile kicheko alikisikia kama kinatoka nyumba ya pili. Kaka yake alikuwa anaijua lugha ile, aliijua vizuri kama Kiswahili. Hilo halikuwa kosa la mtu asiyesikia. Alisimama mbele ya ukumbi, akamtazama mdogo wake kwenye benchi la mbele, na kila neno la mama yule akaligeuza. Na kaka wa mtu akamfanya jirani.

Watu walipotawanyika, bado wakicheka barabarani, binti alimwuliza, "Baba, vipi?"

"Vumbi la sponji," alisema, na akaitema misumari kwenye kopo lake. "Nenda dukani mara moja ukaniletee uzi."

Alifungua mlango wa chumba. Tafsiri alikuwa amekaa kitandani, viatu bado miguuni. Alikuwa amesikia picha yote kupitia ukuta, bila kuhitaji maandishi.

"Ilikuwa biashara, mdogo wangu," alianza mwenyewe. "Watu walilipa walie. Ningewapa mwana anayemwacha mama yake mgonjwa, wangevunja viti."

"Jirani ulimtoa wapi?"

"Nilipunguza wahusika. Wengi wanachanganya watu."

"Kaka."

Tafsiri alitafuta miwani yake juu ya godoro, akaivaa, akaivua.

"Ulikuwa unasitasita," alisema mwisho. "Nilikuona. Ulibaki kwa mdomo, lakini usiku begi lako lilikuwa limefungwa. Mabosi walikuwa wanaondoka wiki ile. Ningefanya nini? Nilijua wewe picha ikikuingia haikutoki."

Fundi alivuta kile kiti chenye springi nzuri, akakaa uso kwa uso na kaka yake. Swali lililokuwa likimjia aliliogopa kuliko kitu chochote alichowahi kukiogopa, na kama angeweza kutoka chumbani bila kuliuliza angetoka.

"Na mama," alisema, "asubuhi ile. Alisema nini?"

"Mama alikuwa mgonjwa. Maneno yake yalikuwa—"

"Ulikuwa unayasikia. Kuku ulisikia, maji ulisikia. Nilipiga magoti hapo ulipoweka miguu yako. Alisema nini?"

Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni, wakasubiri wote wawili mpaka umepita.

"Alisema uende," Tafsiri alisema. "Alisema nibaki mimi."

"Endelea."

"Kesho yake aliniuliza mbona hujaondoka. Aliniuliza kila siku mpaka nilipoondoka mimi." Sauti ile iliyojaza ghala sasa ilikuwa inahitaji kusogelewa. "Nikamwambia umekataa. Nilimwambia, 'Amekataa, mama, hasikii la mtu.'"

Hapo ndipo Fundi alipouona ule uso unaogeuka ukutani. Aliuona miaka ile ya mwanzo yote, sahani baada ya sahani, yeye amesimama na kijiko akijiambia ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Alikuwa mama mwenye akili zake timamu, anayemtazama mwana aliyemkaidi. Kila asubuhi alimwambia aende, na kila asubuhi mwana yule alitabasamu na kumfuta mdomo. Kuibiwa chuo ni jambo moja. Mtu huweza kuibiwa maisha yake akajifariji kwamba angalau yaliyobaki ni yake. Fundi alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia duniani, nacho ni kwamba alimtii mama yake.

"Kwa hiyo alikufa akijua nilimkaidi."

"Alikufa umemshika mkono. Mimi sikupata hata hilo."

"Sijakuuliza ulichokosa wewe."

Tafsiri alianza kulia. Kilikuwa kilio kizuri, cha chini, chenye mikwaruzo mahali panapofaa, na Fundi alishtuka kuona kwamba hajui tena kama ni cha kweli. Alikuwa amekisikia ukumbini mara nyingi mno.

"Unanifukuza?" kaka mtu aliuliza.

"Sikufukuzi. Mama alisema wewe ubaki. Baki. Ni nyumba yake." Fundi aliinuka. "Mimi alisema niende."

"Uende wapi na umri huo?"

"Kwa binti yangu. Nimechelewa tu kuambiwa."

Hakuondoka kwa hasira za kubamiza milango. Kulikuwa na kochi la mteja halijaisha, akalimaliza, na mishono yake ilinyooka kama kawaida. Alimwomba Mama Vitambaa amtafutie kaka yake mtu wa kumpikia na kumsomea dawa. Alifunga nyundo, mkasi na cherehani, akamfuata binti yake kituoni. Binti alikuwa ameambiwa yote, na njia nzima alikuwa akijilaumu kwa kuitafuta picha ile. Fundi alimwambia anyamaze, kwamba yeye ndiye mtu pekee katika ukoo huu aliyemletea maneno kama yalivyosemwa.

Baada ya wiki kadhaa simu yake iliita. Alikuwa kwenye kibaraza cha binti, amefungua feni ya jirani, skrubu zimepangwa kwenye kisahani. Aliyepiga alikuwa Kinyozi.

"Fundi, baraza limepooza. Ila Kaka yako ametusimulia yote. Anasema umechoka na vumbi la sponji, daktari amekuambia upumzike, mwezi ujao umerudi. Anasema mliagana vizuri sana, ulimkumbatia, ukamwambia ailinde nyumba ya mama kwa niaba yako. Mama Vitambaa alilia, nakuambia. Hata mimi kidogo. Unarudi lini hasa?"

Fundi aliiweka bisibisi chini. Akauona ukumbi ule, vichwa vimeinuliwa, wote wakimwamini Tafsiri.

"Kinyozi," alisema, "ukitaka kujua nimesema nini, niulize mimi."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa mashine ya kunyolea. Ukazimwa. Kinyozi akamwuliza alisema nini.